Kostimu Zisizo na Sura

Mume wangu Nkulu alikuwa mchoraji hodari kuliko wote katika Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, na uhodari wake uliishia shingoni.

Sisemi hivyo kwa kumtania. Kazi yenyewe ndiyo ilikuwa hivyo. Wakati wa kiangazi, rangi zikikauka upesi, alikuwa anachora miili juu ya magunia ya unga yaliyofuliwa na kuvutwa kwenye fremu za mbao. Mwanamume wa kostimu ya buluu, suti kamili, na kravati shingoni, ameketi kwenye kiti cha kuegemea. Mwanamke wa kitenge, mkoba magotini. Kila mwili ulipewa vitu vya heshima: saa mkononi, redio mezani, chombo cha maua ambayo hayajawahi kuota Kolwezi. Mahali pa uso aliacha duara jeupe. Mteja alikuja, akachagua mwili aliopenda, akaacha picha ya mtu wake, na Nkulu alitakiwa kutia sura. Ndivyo wachoraji wote wa mitaa yetu walivyofanya kazi, na wenzake walikuwa wanamaliza mtu kabla Jumapili haijafika.

Nkulu alipenda miili. "Kostimu haina bandugu," aliniambia. "Hakuna mutu atakuya kusema, hapana, kostimu ya tata haikukuwa hivi."

Uso una ndugu. Uso una mjane, una mama mkwe, una mashemeji wanaosimama nyuma ya mchoraji na kukohoa. Basi Nkulu akifika kwenye uso, mkono wake ulipata shughuli nyingine. Alikwenda kuosha burashi. Alikumbuka kwamba fremu imelegea. Au aliamua kuongeza ua moja kwenye chombo. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye picha yake ilianza na maua matatu. Mwaka ulipoisha, mwalimu alikuwa ameketi kichakani.

Mtaani walimwita Tata Kesho, yaani Baba Kesho. Aliitika.

Mimi nilikuwa nakaanga vitumbua mbele ya nyumba, kwa hiyo mimi ndiye niliyepokea wateja. Nilijua kusema "bado inakauka" kwa sauti ya mtu anayeamini. Na kabla hujaniuliza kwa nini sikumtikisa mapema, nenda sebuleni kwangu. Niko ukutani tangu mwaka wa harusi yetu. Nimevaa gauni jeupe, nimeshika maua kwa mikono miwili, mikono mizuri kweli, kila ukucha umechorwa. Sina uso. Wageni wakiuliza huyu ni nani, nasema ni dada yangu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Tshibola. Nyumba za Kapata zilijengwa na Kampani ya mgodi kwa ajili ya wafanyakazi wake, zote sawa, zimepangwa mistari, na ukuta kati ya jirani na jirani ni mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya unaombewa heri upande wa pili. Mumewe, Tata Tshimanga, alikuwa dereva wa basi la Kampani lililopeleka watu mgodini na kuwarudisha. Alikufa kwa ugonjwa wa ini, Mama Tshibola akiwa na mimba ya Kabedi.

Alipokuja kwetu na kilemba cha msiba kichwani, alileta picha moja, ndogo kama stempu, iliyobanduliwa kwenye kadi ya kazi ya marehemu. Nyingine haikuwako. Tata Tshimanga alikuwa mtu wa kukimbia kamera. Kila mpiga picha alipotokea, basi lilikuwa linamngoja. Mama Tshibola alichagua kostimu ya buluu, ingawa hajawahi kumwona mumewe ndani ya kostimu, na akasema anataka kumweka juu ya kiti siku ya kumaliza matanga, ili watu wamsalimie vizuri. Halafu akashika tumbo lake.

"Na huyu atamuyua tata yake," alisema.

Matanga yalimalizika. Kiti kiliwekwa, juu yake kofia. Kabedi akazaliwa, akatambaa, akatembea, akaanza kuiba vitumbua vyangu. Na kila Jumapili baada ya misa, Mama Tshibola alisimama kwenye ukuta wa ua na kuuliza kwa adabu.

"Tata Nkulu, bwana yangu eko namna gani?"

"Anaendelea bien, mama. Inabakia tu sura."

Ungedhani wanazungumza juu ya mgonjwa aliyelazwa.

Halafu ile miaka ikaja. Mgodi wa chini ya ardhi uliporomoka, mishahara ikaanza kuchelewa na baadaye ikaacha hata kuchelewa, maduka ya Kampani yakabaki na rafu zake. Kitu kikubwa namna hiyo kikianguka, wakubwa hutafuta mtu wa kumtwisha lawama, na walimpata haraka. Redioni na mikutanoni tuliambiwa kwamba yote yaliharibiwa na watu wa Kasai, mkoa jirani na huu wetu wa Katanga. Katanga ni ya Wakatanga, warudi kwao. Wazazi wa Mama Tshibola waliletwa na treni kutoka Kasai, lakini yeye alizaliwa Kolwezi, hospitali ileile alimozaliwa Kabedi. Kasai aliijua kwa jina tu. Mimi na Nkulu wazazi wetu walitoka Kabongo, kaskazini mwa Katanga, nao walikuja na treni vilevile, na hakuna aliyetuuliza tumefika lini. Vijana wakaanza kuwaita jirani zetu bilulu, yaani wadudu. Wakipita na fimbo, walihesabu nyumba kwa sauti ili waliomo wasikie.

Asubuhi moja Mama Tshibola hakusimama ukutani. Alikuja mlangoni, cherehani kichwani, Kabedi mkononi.

"Tunaenda ku gare," alisema, yaani stesheni, wanakopakiwa watu wa Kasai. "Banasema gari ya moshi inaweza kuya saa yoyote. Tata Nkulu, nipe bwana yangu."

"Kesho asubui, mama," Nkulu akajibu.

Nadhani hakukusudia. Neno lilimtoka kama kikohozi. Mimi nilimtazama, na Mama Tshibola naye alimtazama, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu alichokisahau nyumbani.

"Kesho iko yenu, tata," alisema. "Ya kwetu banaibeba."

Akageuka, akaenda. Kabedi alinipungia mkono.

Niliacha mafuta motoni nikaingia katika kile chumba ambacho Nkulu alikiita atelie. Kostimu zilisimama ukutani, zote na maduara yao meupe. Nikamwambia alete ile picha ndogo ya Tata Tshimanga, nami nitakaa pale juu ya ndoo mpaka amalize, hata nikizeekea pale.

Nkulu hakusogea. Alionyesha dirisha kwa kidevu.

Picha ilikuwa pale, imebanwa kwa pini kwenye fremu ya dirisha. Alikuwa ameiweka hapo siku ileile ya kwanza ili aitazame kila siku aingiapo. Nia njema. Lakini dirisha lile linatazama mashariki, na jua la Kolwezi halichagui cha kuunguza. Niliibandua nikaipeleka mlangoni. Muhuri wa Kampani ulikuwa bado unasomeka. Kola ya shati ilikuwepo. Juu ya kola palikuwa na weupe, kama lile duara lake.

"Tangu lini?"

"Mwaka ya kwanza."

"Na ulinyamaza?"

"Nilikuwa nawaza itarudi."

Itarudi. Maneno niliyomwambia siyaandiki hapa, padri wetu anasoma kila kitu. Nilikuwa nimeolewa na mvivu, hilo nilikuwa nimelizoea na kulipangia mahali pake ndani ya nyumba. Sasa nikagundua si uvivu. Alikuwa ameua picha ya pekee ya mtu, na kwa kuwa hakuweza kusema, alikuwa anaongeza maua. Vitumbua viliungua huko nje, na sikutoka.

Nilipoishiwa na maneno nikamuuliza, "Sura yake unaikumbuka?"

Alifumba macho. Alijitahidi, hilo nililiona. Alipofumbua, alikuwa na aibu.

"Namukumbuka kisogo."

Nilitaka kumpiga, halafu nikajaribu mwenyewe, na mimi nikakuta kisogo. Mkono wa kushoto nje ya dirisha, sauti ya kufukuza mbuzi barabarani, kofia, na kisogo chenye mikunjo miwili. Kapata yote ilipanda basi lile kwa miaka, na Kapata yote ilikaa nyuma yake.

"Basi twende kwa aliyekuwa anamwona mbele," nikasema.

Nkulu akasema kwanza atafute petroli ya kulainisha rangi. Halafu akasema tungoje jua lipungue. Halafu akasema huko gare wanapiga watu, na hilo halikuwa uongo. Sikubishana. Nilichukua kostimu ya buluu nikaitia kichwani, burashi na rangi zake zote nikazifunga kwenye kitenge changu, nikabeba na vitumbua vilivyosalimika, nikatoka. Nilijua atafuata. Mtu anaweza kuahirisha uso miaka, lakini hawezi kukaa nyumbani wakati burashi zake zinatembea barabarani.

Kwenye lango la stesheni walikuwa wamesimama vijana wenye fimbo na vitambaa vya kijani vichwani, na kiongozi wao alikuwa Dodo, mdogo wake Nkulu, tumbo moja. Huyo mtoto nilimwosha mimi mwenyewe. Alitazama pembeni kwanza, kisha akakumbuka kwamba ana fimbo, akamgeukia mkubwa wake, ambaye humwita yaya.

"Yaya, munaenda wapi? Huku haiingiye mutu ya Katanga."

"Tunapeleka kazi ya mutu," Nkulu akasema.

Dodo akanishusha picha kichwani, akaigeuza, akaiona ile kostimu na lile duara. Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Akaita wenzake.

"Angaria! Bilulu sasa banavaa kostimu! Yaya, huyu ni nani? Kichwa yake iko wapi?"

"Ile ndiyo tunaenda kuitafuta," Nkulu akasema.

Walicheka zaidi. Kwa kuwa walikuwa wanacheka walituachia njia, na kwa kuwa walikuwa na njaa kama watu wote walichukua vitumbua vyangu vyote ambavyo havikuungua.

Ndani nilisahau kicheko chao. Watu walijaa kutoka ukuta hadi reli, na nje ya reli hadi kwenye majani. Wengine walikuwa pale wiki nzima, wengine zaidi. Walilala chini ya meza walizobeba, chini ya milango waliyong'oa kwenye nyumba zao. Mvua ilikuwa imepita juu yao na jua limepita juu ya mvua. Karibu na pampu nilimwona yule mwalimu wa kichakani na mkewe. Watoto walikohoa. Hapakuwa na choo, na sitaeleza zaidi. Niliona mama aliyekuwa akinunua vitumbua kwangu kila asubuhi akiosha maiti ya mtoto kwa maji ya kikombe, na nikapita.

Mama Tshibola alikuwa karibu na ukuta wa ghala, pamoja na wifi yake Mbelu, dada wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya filimbi. Kabedi alikuwa ameketi juu ya cherehani. Nkulu alipiga magoti kwenye kokoto. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo nje ya kanisa.

"Mama, foto ilikufa," alisema. "Iliunguzwa na jua kwangu ku dirisha. Niliona, nikanyamaza. Kila Jumapili nilikuwa nakudanganya."

Akampa kile kipande cha karatasi.

Mama Tshibola alikitazama. Akakigeuza, akatazama nyuma, labda sura imehamia huko. Akakirudisha upande wa mbele. Kisha akakaa chini polepole. Heri angempiga. Nilikuwa nimesimama pale na kostimu mikononi na niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, kwa sababu na mimi nilikuwa nimesema "bado inakauka" kwa miaka ile yote.

Aliyepiga kelele ni Mbelu. Alisema Wakatanga wameichukua nyumba, wameichukua kazi, na sasa wamekula hata uso wa maiti. Hakukosea, na watu walianza kugeuka.

"Wacha, Mbelu," Mama Tshibola akasema. Akamtazama Nkulu. "Uko na rangi?"

"Niko nayo."

"Bon. Ikala." Akamwonyesha pa kukaa. "Mi sikumusahau."

Hivyo Nkulu akaanza, kwenye kokoto, fremu ikiegemezwa kwenye cherehani. Mama Tshibola alifumba macho na kusema. Kipaji cha uso ni hiki cha Kabedi, kipana, nywele zinaanzia juu sana. Kabedi akaitwa awe kielelezo. Ni mtoto asiyeweza kutulia wakati wa baraka, lakini alipoambiwa kwamba kichwa chake kinatumika, alikaa. Masikio akasema Mbelu, kwa kuwa alikuwa ameyavuta tangu utoto. Mdomo akasema mjane, na hapo sauti yake ilibadilika kidogo, tukaangalia pembeni.

Nkulu alitia rangi. Mbelu akakohoa.

"Hapana," alisema. "Pua ya kaka yangu haikukuwa ya padri muzungu."

Nkulu alifuta kwa kitambaa. Akatia tena.

"Hapana."

Akafuta. Nilikuwa nangoja mkono wake upate shughuli nyingine. Hapakuwa na ua la kuongeza. Nafasi ilikuwa imejaa tangu zamani. Basi akarudia pua.

Wakati huo watu walikuwa wamekusanyika. Wanaume waliopanda basi lile miaka nenda rudi walisimama nyuma ya mgongo wake, yaani mashemeji wote wa dunia, wote wakikohoa. Nao hawakujua pua wala mdomo. Lakini walijua macho, kwa kuwa kila asubuhi Tata Tshimanga aliwatazama ndani ya kioo cha juu kuhakikisha wamekaa.

"Jicho la kushoto lilikuwa linafunga kidogo," mmoja akasema.

"La kuume," akasema mwingine.

"La kushoto! Mu kioo inageuka!"

Walibishana juu ya jicho. Kisha wakabishana juu ya masharubu. Kundi moja lilisema alikuwa nayo, kundi lingine lilisema aliyanyoa mwaka ule basi jipya lilipoletwa. Mzee mmoja aliyekuwa analala chini ya kabati lake alitoka akasema kwa hasira kwamba mtu asiyejua masharubu ya Tshimanga asiongee mbele za watu. Mjane akaulizwa. Akasema alinyoa, akafuga tena, akanyoa, na alipokufa yalikuwa yanaanza kurudi. Nkulu akachora masharubu yanayoanza kurudi. Pande zote mbili zilisema zimeshinda. Alasiri yote hiyo, watu ambao hawakuwa na maji walipigania masharubu ya marehemu, na sikusikia mtu akiulizia treni.

Na Nkulu aliambiwa hapana. Aliambiwa na wanawake, na wazee, na mtoto, kwa Kiswahili na kwa Tshiluba, lugha ya Kasai. Jambo lile alilolikimbia tangu ujana wake lilimpata mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara alipofuta, mikono yake ilikuwa bado ipo. Nilimwona akiligundua hilo. Mabega yake yalishuka.

Jioni tulirudi nyumbani, asubuhi tukaja tena. Dodo alikuwa langoni. "Kichwa mulipata?" akauliza, na tukapita. Nkulu aliipaka kwanza kostimu buluu mpya, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imefifia. Kazi iliyobaki ilikuwa macho, na macho yalichukua asubuhi nzima. Jua lilipokuwa utosini, Nkulu aliweka nukta ndogo ya weupe katika jicho la kushoto, lile linalofunga kidogo, na Mbelu hakukohoa.

Mama Tshibola aliweka mkono mdomoni.

Kabedi aliteremka kwenye cherehani. Alisogea karibu mpaka nikaogopa atagusa rangi. Aliitazama picha, akagusa kipaji cha uso wake mwenyewe, akatazama tena.

"Jambo, tata," alisema.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Mbelu naye alilia kwa ile filimbi yake, na yule mzee wa kabati akarudi chini ya kabati lake.

Ndipo treni ikalia. Haikutangazwa, ilitokea tu kwenye kona, mabehewa ya mizigo, na kila mtu alisimama kwa pamoja. Sijawahi kusikia sauti ile, ya watu wengi hivyo wakiita majina ya watoto wao kwa wakati mmoja. Nkulu alikuwa bado amepiga magoti, burashi mkononi.

"Kidogo tu, mama," alisema. "Kivuli ya shingo haiko bien. Rangi haiyakauka. Mungoye, itakuya ingine kesho, ntatengeneza..."

Mama Tshibola akainama, akaichukua burashi mkononi mwa Nkulu, na kuitia katika mfuko wa shati la mume wangu, mbichi vile vile.

"Imeisha, Tata Nkulu. Ni yeye."

Tukabeba. Mbelu mabunda, mimi Kabedi, Nkulu cherehani, na Mama Tshibola akamshika mumewe juu kwa mikono miwili, sura ikitazama mbinguni, kwa sababu rangi mbichi haifungwi. Milangoni mwa mabehewa vijana wa fimbo walikuwa wamepanga mstari, na sheria yao ilikuwa nyepesi: mtu apande, kitu kibaki. Niliona redio zikibaki, magodoro yakibaki, baiskeli. Tulipofika, mwenye mlango wetu alikuwa Dodo.

Alimnyang'anya kaka yake cherehani bila kumtazama usoni, akaitupa nyuma kwenye lundo. Kisha akaishika fremu, vidole vyake ndani ya kostimu, akaivuta kutoka mikono ya Mama Tshibola, na kuigeuza ili aonyeshe wenzake kile kichekesho cha mtu asiye na kichwa.

Hakucheka.

Nilikuwa nimesahau. Dodo alipokuwa mdogo, kabla hajaingia shule, Tata Tshimanga alikuwa akimpakia kwenye basi asubuhi mpaka kona ya soko na kumrudisha. Alimkalisha juu ya kifuniko cha injini, pale mbele, kwa kuwa pana joto na Dodo alikuwa mtoto wa kuugua kifua. Alikaa mgongo kwenye kioo, akimtazama dereva. Katika Kapata yote, nje ya nyumba ya Mama Tshibola, Dodo alikuwa mtu wa pekee aliyemjua kwa mbele.

"Tata Tshimanga," Dodo akasema.

Alisema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipoacha kunyonya kidole. Mama Tshibola alikuwa amesimama mbele yake na mikono bado imeinuliwa, mitupu. Nyuma watu walisukumana. Mwenzake mmoja akapiga kelele, Dodo, tupa, unangoja nini.

Dodo alipanda ngazi ya behewa na ile picha. Aliiingiza mwenyewe, nikamwona akiisimamisha ndani kabisa, pembeni, pasipo na miguu ya watu. Akashuka. Akaenda kwenye lundo, akarudi na cherehani, akaipandisha nayo. Kisha akampa Mama Tshibola mkono apande, na akasema, macho chini, "Panda, mama." Mbelu akafuata, nikampa Kabedi. Viganja vya Dodo vilikuwa vya buluu.

Sitakudanganya kwamba aliitupa fimbo. Aliiokota, ni ndugu yetu, namjua. Lakini alihamia upande wa pili wa mlango wa behewa, akageuzia treni mgongo, akawa anafuta viganja kwenye suruali, na ile rangi, mafuta yake mazuri, haitoki kwa kufuta.

Mama Tshibola hakutupungia mkono. Mlango ulikuwa umejaa watu. Tulimwona Kabedi dakika moja kati ya miguu, halafu hatukumwona. Treni ilipoondoka, stesheni haikupungua watu hata kidogo. Wengi walikuwa wamebaki, na wengine walikuwa wanaingia langoni na milango yao vichwani.

Nyumbani Nkulu alikaa katika atelie. Alizitazama kostimu zilizobaki. Najua alichokuwa anafanya, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifanya: kuangalia duara moja baada ya jingine na kukumbuka ni ya nani, na kama yuko bado gare au amepanda.

Asubuhi niliamka nikakuta burashi zimeoshwa. Nkulu alikuwa sebuleni, ameshusha picha yangu ukutani na kuiegemeza kwenye kiti. Gauni jeupe, maua, zile kucha. Alikuwa amefungua rangi. Hakuwa ameongeza ua.

"Godelieve," alisema, "ikala hapa mbele yangu. Leo naweka sura yako."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu siku ya harusi. Niliyangoja nikiwa na uso mzuri, na niliyangoja uso ulipoanza kuchoka. Nilitaka kukaa. Nakwambia kweli, magoti yalikuwa yameshaanza kukunjika.

"Kesho," nikamwambia.

Nikaingia atelie, nikamchukua yule mwalimu wa kichakani, nikamtwisha Nkulu kichwani. Mwalimu mwenyewe tulimwacha jana stesheni na mkewe, karibu na pampu, bado wanangoja.